Habari za Randa, tangu Kale hata Masisi na Walikale

Katika milima ya Masisi kuna kapela moja ndogo yenye mlango wa muvula wa pande mbili. Wazee wa kijiji husema kwamba mlango huo ulitengenezwa na maseremala wa misioni kabla ya uhuru wa mwaka 1960. Kwa mlango huo wamepita wachumba siku ya ndoa yao, na marehemu siku ya maziko yao. Lakini vita vilipopita, mabati ya kapela yalichukuliwa, mvua ikaingia, na mlango ukavimba upande wa chini mpaka ukawa unakwaruza sakafu. Kitasa kiling'olewa, na mwimo mmoja ukapasuka.

Amani kidogo iliporudi tukakutana tushauriane. Vijana walisema, “Tuupasue uwe kuni, tununue mlango wa chuma.” Wazee walikataa kabisa. Mwishowe tulikubaliana kuutengeneza, pamoja na mabenchi na fremu za madirisha, na kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi, tukaona yafaa kununua randa moja ya umeme, ile ya kushika mkononi. Fedha iliyokusanywa na waamini ilitosha chombo kimoja tu. Basi, tuchague ipi? Swali hilo dogo lilitufanya tutafute habari za chombo chenyewe, kimetoka wapi na kimetufikiaje. Tuliyoyapata tunawaandikia leo, maana huenda na parokia nyingine zina mlango kama huo.

RANDA YA MKONO

Randa si chombo cha jana. Mji wa Pompeii, katika nchi ya Italia, ulifunikwa na majivu ya mlima wa moto mwaka 79, na wachimbaji wamekuta ndani yake randa za maseremala wa Kirumi. Zilikuwa na umbo ambalo seremala wa leo angelitambua mara moja: mwili ulionyoka chini, tundu katikati, na kisu kilichoshikwa kwa kabari. Kazi yake haijabadilika tangu siku zile. Shoka hupasua, msumeno hukata, tezo huchonga, lakini randa ndiyo inayosawazisha. Uso wake wa chini ulionyoka hukizuia kisu kisizame kuliko kinavyotakiwa, na kwa hiyo mbao huwa laini kama jani la mgomba.

Neno lenyewe ni mgeni aliyezoea. “Randa” ni neno la Kiajemi, nalo linajulikana hata India. Lilifika pwani yetu kwa njia ya bahari, likiletwa na biashara ya pepo za msimu, likaingia katika Kiswahili. Kiswahili nacho, katika karne ya 19, kilipanda kutoka pwani mpaka Maniema, jirani ya Walikale, pamoja na misafara ya wafanya biashara. Njia hiyo ilikuwa pia njia ya uovu mkubwa, yaani biashara ya watumwa, wala hatuwezi kuisimulia bila kuwakumbuka waliofungwa minyororo humo. Lakini neno la seremala lilibaki mikononi mwa watu wema. Wakati wa Wabelgiji likaja na neno la Kifaransa, rabot, na leo mafundi wetu hutumia yote mawili.

Wamisionari nao walikuja na sanduku la vyombo. Misioni ya Unguja ilianza mwaka 1860, na mwaka 1863 ilikabidhiwa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Humo palikuwa na karakana ambamo watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa kazi za mikono. Mwaka 1868 mapadre hao walifungua misioni ya Bagamoyo, na huko pia kazi ilikwenda pamoja na sala. Mwaka huohuo wa 1868, huko Algeria, Askofu Mkuu Lavigerie alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wengi tuliwaita Mapadre Weupe. Msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo mwaka 1878 kwenda katika nchi za maziwa makuu, na mwaka 1885 walikabidhiwa kituo cha Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo yetu.

Shirika hilo halikuwa na mapadre tu. Walikuwamo Mabruda, na wengi wao walikuwa wajenzi, wahunzi na maseremala. Padre alibatiza, Bruda akapandisha kuta na kutengeneza altare, milango na mabenchi. Hakufanya peke yake. Alikuwa na vijana wa nchi. Walimtazama, wakajaribu, wakakosea, wakarudia. Vikarieti ya Kivu ilipowekwa mwaka 1929, na ile ya Goma ilipozaliwa na kufanywa jimbo mwaka 1959, kazi hii ilikuwa imekwisha enea. Jimbo la Goma ndilo lililo na Masisi na Walikale ndani yake. Majina ya vijana wale hayapo katika vitabu. Yanasomwa katika mbao tu, kwa yule anayejua kuzisoma.

RANDA YA UMEME

Huku hayo yakitendeka, watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wanatafuta namna ya kuipunguzia mikono kazi. Mwaka 1791 Mwingereza Samuel Bentham alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa mashini ya kupiga randa. Mwaka 1802 Joseph Bramah alipata hati ya mashini yenye visu vinavyozunguka. Mwaka 1828, Marekani, William Woodworth alipata hati ya mashini ambayo baadaye ilienea sana katika viwanda vya mbao. Lakini hizo zote zilikuwa mashini kubwa za kiwandani. Mbao iliifuata mashini. Mashini haikuweza kuifuata mbao.

Badiliko lilikuja na mota ndogo ya umeme. Mwaka 1895 kiwanda cha Fein, huko Stuttgart katika Ujerumani, kilitengeneza keekee ya umeme ya kubeba mkononi. Tangu hapo njia ilikuwa wazi. Huko Japani, kampuni ya Makita, iliyoanzishwa mwaka 1915 kwa kuuza na kutengeneza mota, ilitoa randa ya umeme ya mkononi mwaka 1958. Angalieni basi: mwaka mmoja tu kabla ya jimbo letu la Goma kuwekwa. Hivyo, wakati maseremala wetu walipokuwa wakisukuma randa ya mkono juu ya muvula, ndugu yake wa umeme alikuwa amekwisha zaliwa upande wa pili wa dunia.

Chombo hiki hufanya kazi hivi. Chini yake mna mabamba mawili ya chuma, la mbele na la nyuma. Kati yao mna gogo dogo la chuma lenye visu, mara nyingi viwili, linalozungushwa na mota kwa mkanda. Bamba la nyuma liko sawa na ncha za visu. Bamba la mbele hupanda na kushuka ukigeuza kirungu. Tofauti ya mabamba hayo ndiyo unene wa mbao utakaoondoka. Randa nyingi za namna hii huzunguka karibu mara 16,000 kwa dakika. Zikiwa na visu viwili, hukata mara 32,000. Ukisukuma polepole, mita 4 kwa dakika, kila kisu huchukua hatua ya milimita moja ya nane tu, na mbao hutoka laini. Ukikimbia mara nne ya hapo, hatua ni nusu milimita, na mawimbi huonekana. Mtu hulaumu mashini, kumbe ni haraka yake.

MBAO ZETU

Sasa tuitazame nchi yetu, maana chombo huchaguliwa kwa kazi yake. Masisi ni milima ya malisho, yenye mikaratusi na miti mingine ya kupandwa. Walikale ni bonde na msitu mkubwa, penye muvula na libuyu. Mbao za Walikale mara nyingi hupasuliwa palepale msituni kwa msumeno wa injini unaoshikwa mikononi, kisha hubebwa kwa njia mbaya sana mpaka Goma. Kwa hiyo hufika zikiwa na mikwaruzo, nene huku na nyembamba kule, tena mbichi.

Mahitaji yake yaliongezeka baada ya tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipomwaga moto katikati ya mji wa Goma. Watu walirudi juu ya mawe meusi yaliyokuwa bado na joto, na wengi wakajenga nyumba za mbao, kwa kuwa kuchimba msingi katika jiwe lile ni kazi ngumu. Ndipo vikaja vita juu ya vita. Mwaka 2025, mwezi wa Januari, mji wa Masisi uliangukia mikononi mwa M23, na mwezi wa Machi vita vilifika Walikale-kati. Watu wanapokimbia, milango na mabenchi hubaki bila mwenyewe, na aliye na njaa hupika kwa anachokiona. Kwa hiyo kazi ya seremala wa nchi hii, mara nyingi kuliko kujenga kipya, ni kutengeneza kilichoharibika.

Kazi ya kutengeneza ina ugumu wake. Mbao mpya haina siri; mbao ya zamani ina misumari iliyovunjikia ndani, rangi, na mchanga. Muvula wenyewe, hata ukiwa mpya, pengine huwa na vijiwe vigumu kama chokaa ndani yake, vinavyokula makali ya kisu. Nyuzi za muvula na za libuyu zimepishana, hizi zikielekea huku na hizi kule, hata randa ikikata nene hunyofoa badala ya kulainisha. Tena vumbi la muvula huwasha ngozi na kuumiza kifua. Seremala afunike pua na mdomo.

TULIVYOKOSEA NA TULIVYOJIFUNZA

Tunawaungamia kosa letu, lipate kuwafaa wengine. Mara ya kwanza tulitazama bei na ukubwa. Katika soko moja la mji tuliona randa iliyotumika, kubwa, yenye rangi nzuri, na muuzaji akatuapia kwamba ni imara kuliko zote. Hatukusoma kile kibati kidogo ubavuni. Iliandikwa volti 110, nayo ni chombo cha kutoka nchi zinazotumia umeme wa namna hiyo. Umeme wetu ni wa volti 220. Tuliiwasha mara moja, ikalia kwa sauti kubwa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Maharage na viazi vya waamini, vilivyouzwa ili ipatikane fedha ile, viliisha kwa moshi ule. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya watu tukawaeleza. Mama mmoja mzee alisema tu, “Wanangu, safari nyingine msome kwanza.” Maneno yake yalituchoma kuliko matusi.

Watu wakachanga tena, na safari hii tulisoma. Haya ndiyo tuliyoyashika.

Jambo la kwanza ni umeme. Katika vijiji vingi hakuna nguzo za umeme, na randa hutegemea jenereta, ambayo wengi wetu huiita grupu. Randa ya wati 600 au 650 hudai zaidi inapoanza kuzunguka na inapouma mbao ngumu. Kwa hiyo yafaa grupu yenye nguvu karibu mara mbili au zaidi. Tena milima yetu huiibia injini nguvu. Hewa ikiwa nyepesi, injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Grupu inayotosha Walikale bondeni huenda ikazimika Masisi, kwenye kimo cha mita 2,000. Ziko pia randa za betri. Lakini betri ya volti 18 yenye amperi-saa 5 ina wati-saa 90 tu; mota ikila wati 450, hizo ni dakika 12 za kukata mfululizo. Inafaa kwa mlango mmoja, haitoshi mabenchi ya kanisa zima, isipokuwa una betri nyingi na jua la kuzijaza.

Jambo la pili ni upana. Randa nyingi za mkononi zina kisu cha milimita 82. Ziko za 110, hata za 170, nazo ni nzito. Ubavu wa mlango hauzidi milimita 40 au 50. Kwa hiyo 82 yatosha kabisa. Na kwa kuwa kipimo hicho ndicho cha kawaida, visu vyake ni rahisi kupatikana. Uzito wa kilo 2 na nusu au 3 unatosha. Aliyeshika chombo kizito juu ya ngazi hawezi kuwa na mkono mtulivu.

Jambo la tatu ni unene wa kukata. Wauzaji husifu randa inayokata milimita 3 kwa mara moja. Kwa ujenzi wa paa ni sawa. Lakini kwa muvula wa zamani, wenye nyuzi zilizopishana, tunahitaji inayokata kidogo na kwa uaminifu: nusu milimita, au chini ya hapo. Nguvu isiyojua kujizuia si sifa.

Jambo la nne ni visu vyenyewe. Kuna visu vya chuma kigumu sana, kiitwacho kabaidi. Hudumu, lakini vikipiga msumari hupasuka, na mara nyingi hutupwa. Kuna visu vya chuma cha kawaida cha kasi. Huisha makali upesi, lakini seremala aweza kuvinoa juu ya kinoo chake palepale kijijini. Aliye mbali na duka, kama ndugu zetu wa Walikale, atafute randa inayokubali vyote viwili. Na kabla ya kulipa, aulize: visu vya akiba vipo? Mkanda upo? Makaa ya mota yapo? Kama jibu ni hapana, hiyo si randa, ni mzigo.

MLANGO

Basi tulinunua ndogo, ya milimita 82 na wati 620, yenye volti 220 iliyoandikwa waziwazi. Tuliutoa mlango wa kapela kwenye bawaba zake, tukaulaza juu ya farasi wa mbao. Vijana walitaka kuanza papo hapo. Seremala mzee wa kijiji akawazuia. “Mlango umelewa maji,” alisema. “Ukipunguzwa sasa, wakati wa kiangazi utacheza kama jino bovu.” Tukauweka kivulini, penye hewa, kwa majuma kadhaa. Nao ukapungua wenyewe karibu nusu ya ule uvimbe.

Kisha tulipitisha kidole na sumaku kila mahali, tukitafuta misumari. Tulipata 11. Ule wa 12 tuliupata kwa kisu: cheche, mlio, na pengo katika makali. Kwa bahati kilikuwa cha kunoa. Tulikinoa, tukaendelea, tukikata nusu milimita kwa mara moja, tukikandamiza mbele mwanzoni na nyuma mwishoni ili ncha zisichimbwe, na kungoja gogo lisimame kabla ya kuweka chombo chini. Mikono miwili juu ya randa, daima. Kidole kilichopita chini yake hakirudishwi na gundi.

Ilipobaki milimita moja ya mwisho, mzee alitusimamisha, akaleta randa yake ya mkono. Ndipo tulipoona jambo ambalo hatutalisahau. Upande wa bawaba, mahali ambapo hakuna mtu aliyetazama tangu mlango utengenezwe, palikuwa na alama za randa ya zamani: mistari mipana, mtulivu, yenye kupishana kidogo, kama mapito ya ng'ombe mlimani. Hizo ndizo sahihi za wale vijana wa Mabruda wasio na majina. Mashini yetu ingeziondoa kwa nusu dakika, na hakuna mtu ambaye angezirudisha. Tuliuacha upande ule jinsi ulivyo. Mzee akamalizia upande mwingine kwa mkono wake, maranda yakaanguka membamba hata nuru ikapita ndani yake.

Hapo tulielewa swali letu lilikuwa nini. Hatukuwa tunachagua kati ya zamani na sasa. Kila kizazi kimepokea randa mpya bila kuitupa ya baba yake, na hivyo ndivyo mbao zilivyozidi kusawazishwa. Mashini yafaa kuondoa kilicho kingi, mkono hutumika kwa kilicho kidogo, na jicho huamua kisichopaswa kuguswa. Randa iliyo bora kwa kazi ya kutengeneza ni ile inayokubali kusimamishwa.

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Injili inatuambia kwamba watu wa Nazareti walimjua Bwana wetu Yesu Kristu kuwa mwana wa seremala, na Mtakatifu Yustino, shahidi wa karne ya 2, aliandika kwamba Bwana mwenyewe alitengeneza majembe ya kulimia na nira za ng'ombe. Basi hakuna kazi ya mbao iliyo ndogo mno. Huenda na nira nyingine zililetwa kwake zimepasuka, ili azitengeneze.

Mlango umerudi mahali pake. Unafunguka kwa kidole kimoja, na kitasa ni kipya. Hatujui kama vita havitarudi kupita mlimani kwetu. Hilo tunamwachia Mungu tukisali. Lakini vijana wanne sasa wanajua kunoa kisu, kusoma kibati cha mashini kabla ya kulipa, na kutafuta msumari kabla ya kukata. Hata mlango ukichukuliwa kesho, ujuzi huo umebaki mikononi mwao. Ninyi mlio Walikale, Masisi na kwingineko, ikiwa kapela yenu ina mlango wa zamani unaokwaruza sakafu, msiupasue upesi. Utoeni, uwekeni kivulini, mwiteni mzee mwenye randa na kijana mwenye mashini, wafanye kazi pamoja.